Puti juu ya kutu: bora tundu lililo wazi

Kazi inayonichosha kuliko zote kwenye bodi za magari ya zamani ni kufukua kutu aliyoifunika fundi aliyenitangulia. Kutu iliyo wazi naiona: najua inaanzia wapi, inaishia wapi, na nikate bati kiasi gani. Iliyofunikwa sijui lolote mpaka nishike grenda. Mwenye gari anakuja na malengelenge mawili matatu ya rangi juu ya tairi la nyuma, ananiambia, "Fundi, hapa si msasa kidogo na rangi tu?" Naweka ncha ya bisibisi, nasukuma taratibu, inazama mpaka kwenye mpini.

Bati la bodi ni jembamba, mara nyingi chini ya milimita moja. Na sehemu kubwa ya kutu hii huanzia ndani: kwenye mikunjo ya madigadi, chini ya milango, ndani ya kizingiti (ule mhimili wa bati unaopita chini ya milango), kokote tope linakoganda na maji yakakosa pa kutokea. Rangi ya nje ikianza kuvimba, ujue bati limeshaliwa kutoka upande wa pili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huinua rangi. Sasa anayekuja na msasa upande wa nje anashughulika na mwisho wa safari.

Puti yenyewe sina ugomvi nayo, naitumia kila wiki. Imetengenezwa kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima, lililo safi, na kwa tabaka jembamba. Lakini ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, na ina tabia ya kunyonya unyevu. Ukiibandika juu ya tundu, mgongo wake unabaki wazi upande wa ndani, kule kule kwenye maji. Inanyonya, inakaa na unyevu, na kingo za bati zilizoizunguka zinalowa muda wote. Kwa nje, rangi inang'aa.

Kwenye madigadi za nyuma nimekuta ya ajabu. Juu rangi, chini yake praima, kisha puti nene kuliko kidole gumba, ndani yake wavu wa waya, na nyuma ya wavu gazeti lililokunjwa kuwa donge ili puti isitumbukie. Gazeti limelowa, limeshikamana na tope. Nikiling'oa lile bamba linatoka zima, limebeba umbo la madigadi, na pale lilipokuwa hakuna chuma cha maana, ni magamba ya kahawia yanayopukutika kwa vidole. Sitanii, kuna mengine yamechongwa kwa ustadi mkubwa. Fundi mwenye mkono wa namna ile angeweza kabisa kukata na kuchomelea. Aliamua tu kulipua.

Povu la kupuliza ni baya zaidi, maana hujaza kizingiti kizima na kuziba vitundu vya kutolea maji. Halafu siku ya kuchomelea linashika moto na kutoa moshi wa sumu, kwa hiyo lazima likwanguliwe lote kwanza. Bati la alumini lililopigwa riveti juu ya chuma nalo lina kasheshe lake. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe, na katikati ya mabati mawili maji yanabaki yakiendelea kukila chuma.

Wengi hudhani kiraka kikishachomelewa, basi kazi ni halali. Inategemea. Kiraka kilichopachikwa juu ya bati bovu bila kulikata kinatengeneza mfuko wa maji. Hata kiraka kizuri, kilichokatwa mpaka kwenye chuma kizima, moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani na kuacha chuma kitupu. Usipopuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya uwazi ule, kutu itarudi ikifuata mstari wa weldi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu mteja haioni.

Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi zina faida kwenye kutu ya juu juu iliyokwanguliwa vizuri. Bati lililotoboka haziliponyi.

Kama hela ya kazi kamili haipo, nawaambia wateja waache wazi. Kwangua kinachong'oka, osha tope, kausha, paka mafuta mazito au nta, rudia kila inapooshwa na mvua. Ni sura mbaya, lakini maji yanatoka na kila mtu anaona hali ilivyo. Hapo nazungumzia madigadi na ngozi za milango. Kizingiti, sehemu za kuwekea jeki, zinapofungwa mikanda ya usalama na mihimili ya suspensheni ni habari nyingine: gari lisilo na chasisi ya peke yake linabebwa na sehemu hizo, na zikioza halifai kuendeshwa mpaka zikatwe na kujengwa upya.

Unayekwenda kununua gari kuukuu, chukua sumaku ndogo na uifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi. Pitisha kwenye kingo za madigadi na chini ya milango. Ikilegea ghafla, chini kuna puti nene. Gonga kizingiti kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele kwenda nyuma usikilize sauti inapokufa. Lami mpya nyeusi tii chini ya gari la zamani ichunguze mara mbili, hasa ikiwa imepakwa sehemu moja tu. Kisha omba gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, ufungue na kufunga milango. Mlango ukianza kukwama, au uwazi wa pembeni yake ukibadilika, usiendelee kuzungumza bei.