Mgonjwa anatapika damu? Msimpe maziwa! Maswali na majibu kabla ya endoskopi ya dharura

Endoskopi ndo nini?
Mpira mwembamba wenye kamera, unapitishwa mdomoni mpaka tumboni. Daktari anaona damu inatokea wapi na anaizuia hapohapo, kwa sindano, klipu au rababendi ndogo za kufunga mshipa.

Nitajuaje anavuja damu?
Anatapika damu au matapishi meusi, au anapata choo cheusi kinachonata kama lami na kinanuka vibaya mno. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi ila hakinati hivyo. Kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, ujue damu nyingi imeshatoka.

Tumpe maziwa tumbo litulie kwanza?
Hapana. Maziwa hayazuii damu hata kidogo! Kamera ikiingia ikakuta maziwa yamegandana na damu daktari haoni kidonda kiko wapi, na mgonjwa akitapika huku kalegezwa na dawa ya usingizi yale yote yanaingia kwenye mapafu, sasa hapo mna matatizo mawili.

Hata uji mwepesi? Hajala toka asubuhi.
Hata uji, hata juisi, hata maji ya magadi. Njaa ya siku moja haimuui, damu ndo inamuua. Dripu atawekewa hospitali. Na jamani msimpe diklofenaki eti tumbo linauma, dawa hizo hizo za maumivu watu wanazomeza kila siku bila kuandikiwa ndo zinachimba vidonda.

Si tusubiri kukuche?
Msisubiri. Mtu kaanza choo cheusi Jumatatu analetwa Alhamisi mweupe kama karatasi, presha haisomi, ndo mnatuambia mlikuwa mnajaribu mizizi. Kamera inatakiwa ifanyike ndani ya saa 24 tangu afike, ikidhaniwa ni mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula ndani ya saa 12, na kabla ya hapo lazima hali yake itulizwe. Kama kituo cha karibu hakina kamera nendeni hivyohivyo, awekewe dripu ndo apewe rufaa.

Anaandaliwaje?
Laini mbili kubwa za dripu, kundi la damu, wingi wa damu (ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita kwa kawaida anaongezewa), dawa ya kupunguza asidi, wengine sindano ya erithromaisini ili tumbo lisukume damu iliyoganda. Nyie ndugu njooni na watu wa kuchangia damu, mvueni meno bandia, leteni dawa zake zote na mitishamba msiifiche. Aspirini ya moyo msimwachishe wenyewe, daktari ataamua. Pia semeni kama ana homa ya ini, anakunywa pombe, au amekulia kandokando ya Ziwa Victoria, maana kichocho cha tumbo cha miaka mingi kinavimbisha mishipa ya koo la chakula na matibabu yake ni tofauti.

Na kama tulishampa maziwa?
Semeni mkifika tu, kiasi gani na saa ngapi. Hatuwagombezi, ila tukijua tunaweza kumwekea mpira wa kulinda njia ya hewa kabla kamera haijaingia.