Joto ambalo mji hulitupa

Mtambo wa kawaida wa umeme unaotumia makaa ya mawe hupoteza zaidi ya nusu ya nishati inayoingia. Joto hilo huishia hewani au mtoni, huku nyumba za mji uleule zikichoma mafuta mengine ili wakazi wasife baridi. Mimi ni mhandisi wa mitandao ya joto ya mijini, na upotevu huo hunikera mno.

Dawa yake ni ya zamani. Maji hupashwa moto mahali pamoja, kisha husukumwa na pampu katika mabomba ya chuma yaliyovikwa povu gumu na kufukiwa ardhini. Kila jengo lina kifaa chenye sahani nyembamba za chuma: maji ya mtandao hupita upande mmoja, ya jengo upande wa pili. Hayachanganyiki, kinachovuka ni joto tu. Yaliyopoa hurudi kwa bomba la pili. Mtambo unaotoa umeme na joto kwa pamoja unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya nishati ya mafuta yake.

Ila faida ninayoithamini zaidi ni kwamba mabomba hayajali moto umewashwa na nini. Denmark ilitikiswa na uhaba wa mafuta wa 1973, ikatunga sheria ya joto mwaka 1979. Tangu hapo mitandao yake imepokea joto la makaa, gesi, taka na kuni, bila mwenye nyumba kulazimika kununua boila jipya (mtambo mdogo wa kupasha maji nyumbani) kila mara. Leo karibu majengo yote ya mji mkuu wake, Copenhagen, yamo kwenye mtandao. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, ilianza mwaka 1930 na maji ya chemchemi za moto za Laugardalur, na hatimaye moshi wa makaa uliofunika mji ukatoweka. Helsinki, mji mkuu wa Finland, huvuna joto hata kwenye majitaka yaliyosafishwa.

Wengi huuliza maji yanatoka mtamboni yakiwa moto kiasi gani. Mimi huuliza yanarudi yakiwa moto kiasi gani. Yakitoka na nyuzijoto 80 na kurudi na 40, kila lita imeacha nyuzi 40 majumbani. Yakirudi na 60, imeacha 20 tu, hivyo pampu lazima zisukume maji maradufu kwa joto lilelile. Mara nyingi kosa liko kwenye vali mbovu za ndani ya majengo, na kuzirekebisha ni nafuu kuliko kujenga mtambo mwingine.

Nyumba zikiwa zimetawanyika, mfumo huu haufai: bomba hurefuka, joto huishia njiani. Pia aliyeunganishwa hana muuzaji wa pili wa kumkimbilia. Ndiyo maana naunga mkono kanuni ya Denmark, ambako kampuni ya joto hutoza gharama halisi, bila kujiwekea faida.