Kwa nini ukitafuta “Lubumbashi” hupati habari za 1955?

Mwanafunzi anaandika TFC (kazi ya kumalizia masomo ya chuo) juu ya nyumba za wafanyakazi wa migodi wa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo (RDC), katika miaka ya 1950. Anaingiza “Lubumbashi” kwenye Google Scholar, anapata vipande viwili vitatu, kisha anaandika kwamba jambo hili halijachunguzwa. Limechunguzwa, tena sana. Ila mwaka 1955 mji uliitwa Élisabethville; Lubumbashi lilikuwa jina la mto, na la kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi 1911.

Kwa hiyo kabla ya kumaliza mega zako za intaneti, chora jedwali la majina na miaka. Élisabethville ni hadi 1966, na Likasi iliitwa Jadotville hadi mwaka huohuo. Katanga iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na nchi nzima Zaire. Hata UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), iliyoanzishwa 1956, ilikuwa kampasi ya UNAZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire) kati ya 1971 na 1981, basi memwari (tasnifu za wanafunzi) za wakati huo zitafute kwa jina hilo.

Kisha andika hivi: (Elisabethville OR Elizabethville) "Union Minière" logement. Union Minière ni kampuni ya migodi ya wakati huo, na logement ni makazi kwa Kifaransa. OR iwe kwa herufi kubwa, la sivyo haifanyi kazi. Tahajia yenye z utaikuta kwa waandishi wa Kiingereza, na alama za kunukuu hushikilia maneno mawili yakae pamoja. Ukiandika Shaba pekee, utafunikwa na vita vya 1977 na 1978. Ongeza neno la mada yako. Jihadhari pia na kichujio cha miaka: kinachuja mwaka wa kuchapishwa, wala si kipindi kinachozungumzwa. Ukikibana 1950–1960 utapoteza uchunguzi mzuri uliochapishwa 1985.

Panapoumiza zaidi ni kwenye takwimu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Anayelinganisha mavuno ya mahindi ya Katanga ya 2010 na ya Haut-Katanga ya 2018 ataona anguko kubwa ambalo pengine halikutokea kabisa; ardhi yenyewe ndiyo iliyopungua kwenye hesabu. Jumlisha mikoa yote minne kwanza, au shuka hadi ngazi ya teritware, yaani sehemu ndogo zinazounda mkoa.

Unaponukuu, acha jina kama lilivyochapishwa. Kitabu kilichotolewa Élisabethville kibaki hivyo kwenye bibliografia, na jina la leo uliweke ndani ya maelezo yako.