Je, wajua kwa nini Kituruki hakitofautishi "nyumbani kwako" na "nyumbani kwake"?

Mtajie Mturuki neno moja tu, evinde, kisha umuulize ni nyumbani kwa nani. Atakurudishia swali. Neno hilo ni "nyumbani kwako" na pia ni "nyumbani kwake", na matamshi ni yale yale.

Kituruki hupanga viambishi nyuma ya nomino: cha umilikaji kwanza, cha mahali baadaye. Ev ni nyumba, evim nyumba yangu, evimde nyumbani kwangu. Hapo hakuna utata. Kwa "yako" kiambishi ni -in, basi tunapata ev-in-de. Kwa "yake" ni -i peke yake, lakini kikifuatwa na kiambishi cha mahali, n huchomekwa katikati: ev-i-n-de. N hii ni ya kale, na hujitokeza pia kwenye o, yaani "yeye", ambayo hugeuka onda, "kwake".

Zamani mgongano huu haukuwepo. Kiambishi cha "yako" kilitamkwa kwa ng', ile ile ya ng'ombe. Maandishi ya mawe ya Orkhon huko Mongolia, ya karne ya 8, yana herufi maalumu ya sauti hiyo, na Waturuki wa enzi ya Osmani waliiandika kwa kef, herufi ya hati za Kiarabu. Katika usemi wa Istanbul ng' ilififia ikawa n ya kawaida. Alfabeti ya Kilatini ilipoanzishwa mwaka 1928, sauti hiyo haikupewa herufi yake. Vijijini Anatolia bado utaisikia.

Ndugu zake Kituruki hawana tatizo hili. Kikazaki kimetunza ng', kwa hiyo үйіңде ni kwako na үйінде ni kwake. Kiuzbeki kimetunza ng' na juu yake kikaitupa ile n ya katikati: uyingda, uyida. Kwangu mimi, Kiuzbeki ndicho kilichomaliza kazi vizuri zaidi.

Mturuki anayetaka uhakika hutanguliza kiwakilishi: senin evinde ni kwako, onun evinde ni kwake. Tena shida hii huyapata maneno yanayoishia kwa konsonanti tu. Araba, gari, huishia kwa irabu, na "lake" huwa -sı: arabanda ni kwenye gari lako, arabasında kwenye gari lake.