Laxton: Kijiji Ambacho Ngwe Zake Hazikuzungushiwa Ua

Mtu anayetaka kuijua historia ya kijiji cha Uingereza kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye daftari za parokia. Ushauri huo ni mzuri, kwa kuwa tangu mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko, habari za watu wa kawaida zilianza kuhifadhiwa kwa maandishi. Tena parokia ya Kiingereza haikuwa jambo la ibada peke yake. Sheria ya mwaka 1601 iliitwika mzigo wa kuwatunza maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na mwaka 1894 yaliundwa mabaraza ya parokia yasiyokuwa ya kanisa, ambayo hadi leo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa katika sehemu kubwa ya vijiji vya nchi hiyo.

Hata hivyo, wapo wanahistoria, nami ni mmoja wao, wanaopenda kuanzia shambani kabla ya kufungua daftari. Kwa hilo hakuna mahali panapofaa kuliko Laxton, parokia ndogo ya kaunti ya Nottinghamshire, mashariki ya msitu wa Sherwood. Kijiji hiki kimo katika kitabu cha Domesday, orodha ya mali iliyoamriwa na Mfalme William, aliyeiteka Uingereza akitokea Normandy ya Ufaransa, na kukusanywa mwaka 1086, ambapo ardhi yake imeandikwa kuwa chini ya kabaila wa Kinormani aliyeitwa Geoffrey Alselin. Tuta la ngome ya zama hizo bado lipo kaskazini ya kijiji, limeota majani. Lakini kinachowaleta wageni Laxton ni makonde yake.

Katika karne za kati, vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima kwa utaratibu mmoja. Ardhi ya kilimo iligawanywa katika makonde mawili au matatu makubwa yasiyo na ua, na kila konde likakatwa ngwe nyembamba ndefu. Mkulima hakuwa na shamba mahali pamoja. Alikuwa na ngwe zilizotawanyika huku na huko, na hivyo udongo mzuri na mbaya uligawanyika baina ya majirani. Mwaka mmoja konde lilipandwa ngano kabla ya majira ya baridi, mwaka uliofuata likapandwa shayiri, njegere au maharage, na mwaka wa tatu likalazwa ili ardhi ipumzike na mifugo ya kijiji ilishe humo. Utaratibu kama huo hauwezi kusimama bila makubaliano, maana anayechelewa kuvuna huizuia mifugo ya wote.

Mwaka 1635 Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyekuwa amenunua ardhi hapo, alimwagiza mpimaji Mark Pierce achore ramani ya Laxton. Ramani hiyo, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, inaonyesha ngwe moja moja, na ndani yake vimechorwa vijitu vinavyolima, vinavyovuna na vinavyowinda. Ni nadra mno kupata waraka wa aina hii ambao mtu anaweza kutoka nao nje na kuutambua uwanjani.

Kwingineko makonde hayo yalitoweka. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha miswada zaidi ya 5,200 ya kuzungushia ardhi nyua, ngwe zikaunganishwa kuwa mashamba ya watu binafsi, na maskini wengi wakapoteza malisho ya pamoja. Laxton ilinusurika, na sababu inayotajwa zaidi haina ushujaa wowote: ardhi ilikuwa imegawanyika baina ya mabwana wakubwa ambao hawakuafikiana jinsi ya kubadilishana vipande. Mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe zilipunguzwa idadi na kupanuliwa, lakini makonde matatu, yaani West Field, Mill Field na South Field, yalibaki.

Hata nyumba zinasimulia jambo hilo. Katika parokia zilizozungushiwa ua, wakulima wengi walihamia katikati ya mashamba yao mapya. Mkulima wa Laxton, ambaye ngwe zake ziko pande zote, hakuwa na sababu ya kuhama, na ndiyo maana nyumba za wakulima, pamoja na maghala yao, bado zimejipanga kando ya barabara ya kijiji.

Baraza la zamani la kimwinyi, liitwalo Court Leet, nalo lingali hai. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoingia, jopo la wakulima hukagua konde lililopandwa ngano, hupigilia vigingi vya mipaka na kumtoza faini aliyelima kupita ngwe yake hadi kwenye njia au kwenye majani ya pamoja. Wiki moja baadaye baraza huketi katika baa ya Dovecote Inn na kuthibitisha faini hizo. Umiliki wenyewe umezunguka: mwaka 1952 familia ya Manvers, iliyokuwa ikimiliki ardhi hiyo, iliiuzia Wizara ya Kilimo, mwaka 1981 ardhi ikapita kwa taasisi inayosimamia mali za Taji, yaani za ufalme, na mwaka 2020 ikauzwa kwa milki ya Thoresby, yaani ile ile iliyokuwa ya akina Manvers. Vigingi vimeendelea kupigiliwa chini ya kila mmoja wao.