Blastospora bilioni kwa mililita si dawa

"Tumefikisha blastospora bilioni moja kwa mililita, dawa iko tayari." Kauli hii ya watengenezaji wa dawa za kuua wadudu kwa kuvu nimeisikia tena wiki hii na uvumilivu umeniisha. Haiko tayari. Blastospora ni seli za kuvu zinazozaliana ndani ya mchuzi wa virutubisho; mnachomiliki ni mchuzi wenye seli nyingi.

Bilioni yenyewe haisumbui sana. Mpe Beauveria bassiana, kuvu anayeua wadudu, glukosi ya kutosha, nitrojeni na hewa nyingi, atakuzalia ndani ya siku mbili hadi nne; konidia, yaani spora kavu za kuvu huyohuyo, juu ya mchele huchukua kama wiki mbili. Wanaokwama, wengi wao tatizo ni oksijeni. Ongezeni hewa, tuendelee.

Shughuli inaanza tangi la kukuzia likizimwa. Blastospora ina ukuta mwembamba, haina lile tabaka la nje linalokataa maji kama la konidia. Huota upesi, mara nyingi kwa saa chache tu, na hilo ni faida kubwa: inaanza kuingia mwilini mwa mdudu mapema. Lakini wepesi huohuo una gharama. Ikaushe vibaya, itakufa huku umbo lake likibaki vilevile, na wewe kwenye hadubini utahesabu maiti pamoja na walio hai. Hewa ya kukaushia ikiwa kavu mno, hasara huongezeka. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ustahimilivu wa kukaushwa huanza kujengwa ndani ya tangi. Aina na kiasi cha nitrojeni vinaweza kukupa matangi mawili yenye hesabu ileile siku ya kuvuna, kisha moja libaki na uhai mwingi baada ya kukaushwa na jingine likuangushe. Nani ataliona hilo kwa kuhesabu mchuzi?

Kwa hiyo nipeni asilimia ya kuota baada ya kukausha, kisha baada ya miezi ghalani, na joto la ghala lenyewe. Halafu wekeni wadudu. Hata hapo sipati utulivu kamili: spora zinazoota vizuri kwenye agari, ile jeli ya maabara, zinaweza kushindwa juu ya jani lililopigwa na jua, na wadudu wa kundi moja hufa upesi kuliko wa kundi jingine kwa dozi ileile.

Na mnaokuza Metarhizium, kuvu nyingine inayoua wadudu, msinitumie hesabu ya blastospora pekee. Kuvu hiyo kwenye mchuzi unaofaa hutengeneza mikrosklerotia, vidonge vigumu vya nyuzi vinavyokuja kuzaa konidia baadaye udongoni. Hivyo vinahesabiwa peke yake.