Kwa nini miguu inakataa kutulia usiku?

Ukipanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda Arua, huenda ukamwona abiria anayesimama kila mara, anatembea hatua mbili tatu katikati ya viti, anakaa, halafu anasimama tena. Wenzake wanamshangaa. Ukimuuliza kama miguu inamuuma, atakosa la kujibu, kwa sababu si maumivu hasa. Anasikia kama wadudu wanatambaa ndani ya shavu la mguu, na hamu ya kuusogeza inamshinda. Akitembea inapoa. Akikaa inarudi.

Hospitalini hali hii huitwa ugonjwa wa miguu isiyotulia. Thomas Willis, daktari Mwingereza, aliiandika mwaka 1672, na katika miaka ya 1940 Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaichunguza kwa kina. Wengi wanaoteseka nayo huambiwa ni mawazo, uchovu, au wamerogwa. Inaniuma kusikia hivyo, maana ni ugonjwa wa kweli, na kuna mengi ya kufanya.

Utaitambua kwa mambo manne yanayokwenda pamoja: hamu ya kusogeza miguu, kuzidi mtu akipumzika, kupungua akitembea au kujinyoosha, na kuwa mbaya zaidi jioni na usiku. Kubanwa na misuli ni kitu kingine. Hapo msuli unakuwa mgumu na unauma vikali. Ganzi na moto wa nyayo unaokaa mchana na usiku, hata ukitembea, huelekeza zaidi kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibika, kwa mfano kwa sababu ya kisukari.

Sasa, kwa nini usiku? Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuongoza mwendo wa mwili, na ili kuitengeneza unahitaji madini ya chuma. Utendaji wa dopamini hupanda na kushuka kwa saa, na jioni hushuka. Mwenye chuma kidogo ubongoni huanza kuona taabu saa hizo. Urithi nao una nafasi yake: mara nyingi ukiuliza vizuri, mama au mjomba naye alikuwa hivyo hivyo.

Hapa Uganda upungufu wa chuma una njia nyingi za kuingia. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni taratibu. Hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu humaliza akiba ya mama. Sahani ya matoke au posho (ugali) yenye mboga kidogo haina chuma cha kutosha. Na wajawazito ndio wanaopata taabu zaidi: takriban mmoja kati ya watano huipata, hasa miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi huisha wiki chache baada ya kujifungua.

Kuna jambo linalopitwa sana. Kipimo cha wingi wa damu kinaweza kutoka vizuri na bado akiba ya chuma iko chini. Kinachoonyesha akiba ni kipimo cha feritini, na kwa ugonjwa huu madaktari hufikiria kuongeza chuma feritini ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini, kiwango ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa cha kawaida. Tena malaria au homa nyingine hupandisha feritini kwa muda, kwa hiyo upime ukiwa umepona. Usijinunulie vidonge vya damu kienyeji, hasa kama una selimundu na umeongezewa damu mara nyingi, kwani chuma kinaweza kuwa kimezidi mwilini.

Ukipewa vidonge, angalia unavyovimeza. Mama anatoka kliniki ya wajawazito na vidonge vyake, anavimeza asubuhi na kikombe cha chai ya maziwa. Chai hiyo inazuia chuma kisiingie mwilini. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai isubiri saa moja au mbili. Kinyesi kitakuwa cheusi, usiogope. Nafuu huja polepole, pengine miezi mitatu. Chakulani, maini na mukene (dagaa) husaidia, na dodo (mchicha) na maharagwe pia, hasa ukikamulia limau.

Kisha tazama dawa unazotumia. Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama Piriton, watu huvimeza ili walale, na kumbe vinaweza kuzidisha miguu. Vivyo hivyo metoklopramidi ya kuzuia kutapika na amitriptilini ya sonona au maumivu. Kama uliandikiwa na daktari, usiache ghafla, mwambie. Kahawa ya jioni, pombe na sigara nazo hazimsaidii mtu huyu.

Usiku ukiwa mgumu, kanda mashavu ya miguu, yanyooshe, yaoshe kwa maji ya moto ya kuvumilika, tembea uani. Safari ndefu afadhali uifanye asubuhi. Hayo yote yasiposaidia, kuna dawa za gabapentini na pregabalini za kuandikiwa na daktari. Dawa za jamii ya dopamini zilisifiwa sana zamani, lakini zikitumiwa muda mrefu huweza kuuzidisha ugonjwa: unaanza mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi. Na mwenye ugonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, aseme wazi, maana kwake hali hii ni ya kawaida na dozi hubadilika.

Watoto nao huipata. Mtoto anayerusha miguu kitandani, asiyetulia darasani, anayesema miguu inamwasha ndani, huchapwa au huambiwa anakua tu. Kabla ya kumgombeza, uliza kama kuna mzazi mwenye tatizo hilo, mpe dawa ya minyoo kwa wakati wake, na mwombe mganga wa kituo cha afya apime chuma chake.